Taa ya magamba ya kombe, kutoka jaani hadi sebuleni

Taa ya makome hupendeza hotelini Mji Mkongwe, lakini hata nyumbani shamba inaweza kutengenezwa, na malighafi yake mara nyingi iko jaani nyuma ya jiko. Akina mama wa Fumba na Bweleo, kwenye Ghuba ya Menai, husugua magamba ya chaza yakang'aa, wakayafanya hereni na mikufu. Taa ni kazi ya jamaa hiyohiyo.

Tumia magamba ya kombe au chaza waliokwisha kuliwa. Makome makubwa yaliyo hai yaache baharini. Lile kome refu linalopigwa kama baragumu hula kiti cha pweza mwenye miba, na huyo ndiye anayekula matumbawe. Ukilitoa kwa ajili ya pambo, umemwachia adui mwamba ambao samaki wako wanazalia.

Chemsha magamba, yasugue kwa brashi na sabuni, yaanike. Siki usiitie, maana inakula chokaa ya gamba. Kabla ya kutoboa, tazama yaliyookotwa ufukweni: mengine tayari yana kitundu cha mviringo, kilichotobolewa na konokono wa baharini alipokuwa akimla mwenye gamba. Hapo umepunguziwa kazi. Yaliyobaki yatoboe kwa keekee au drili ndogo, polepole, gamba likiwa limeloa, nawe umejifunga kitambaa puani. Vumbi lake si zuri kwa mapafu.

Pinda waya mgumu uwe duara. Tunga magamba kwenye mshipi wa kuvulia, ukipiga fundo chini ya kila gamba ili yasilundikane, kisha funga nyuzi kuzunguka duara. Gamba la kombe ni nene, mwanga hupita kwenye nafasi tu, usibananishe.

Sasa uzito. Magamba 60 yanaweza kufika kilo nzima. Waya wa umeme haukutengenezwa kubeba mzigo huo, hivyo duara lining'inizwe kwa mnyororo wake kwenye boriti. Weka balbu ya LED, kwani balbu ya zamani hutoa joto kali na mshipi ni plastiki, utalegea na kukatika. Kuunganisha umeme mwachie fundi. Volti 230 hazina mzaha. Barazani, msimu wa kusi, magamba yatagongana usiku kucha. Wapo wanaoipenda sauti hiyo, ila jirani muulize kwanza.