Kijani Kilichofifia Ukutani

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kusema nanyi habari za kupamba nyumba kwa rangi ya kijani iliyofifia, mfano wa jani la mkonge. Wengi huipenda, kwa kuwa haichomi macho kama ukuta mweupe upigwao na jua, wala haitii chumba giza kama rangi nzito. Lakini wahenga walisema, kizuri hakikosi ila. Jicho huona rangi tu. Halioni kitu kilichoifanya.

Mwaka 1775 mtaalamu wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alifanya kijani kizuri kwa shaba na aseniki, nayo aseniki ni sumu kali. Mwaka 1814 kikatokea kingine cha namna hiyo, king'aacho zaidi, huko Schweinfurt, katika Ujerumani. Watu wa Ulaya wakakipenda mno, wakakitia katika nguo, katika rangi za nyumba, na katika karatasi za kubandika ukutani. Unga wake ulipopukutika, watu waliuvuta puani. Tena, nyumba zilipokuwa na unyevu, kuvu iliota juu ya karatasi zile. Na katika miaka ya 1890 daktari wa Italia, Bartolomeo Gosio, alionyesha ya kuwa kuvu yaweza kuigeuza aseniki kuwa hewa yenye sumu.

Kijani hicho kimeachwa zamani, lakini liko onyo jingine. Ziko rangi za kijani zilizofanywa kwa kuchanganya buluu na manjano yenye risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa ni salama. Basi mnunuapo rangi ya kopo, someni maandishi yake, mtake isiyotiwa risasi. Na rangi ya zamani ibambukayo isikwanguliwe kavu, wala watoto wasikaribie vumbi lake.

Je, iko njia nyepesi? Iko, nayo ni chokaa, ambayo watu wa Lamu na Unguja wameipaka katika nyumba zao za mawe tangu kale. Tafuteni unga wa kijani wa oksidi ya kromi. Unga huu hauharibiwi na chokaa, na kijani chake kimetulia. Changanyeni chokaa na maji, mwiache usiku kucha, kisha mwichuje. Koroganeni unga wa rangi na maji mbali, ndipo mwutie. Usizidi sehemu 1 kwa sehemu 10 za chokaa kavu, maana ukizidi, rangi itashika mikono na nguo. Kijani kikiwa kikali, tieni udongo mwekundu kidogo sana, wekundu hukipooza.

Hapana budi kujaribu kwanza mahali padogo, kwa kuwa chokaa ikikauka hupauka sana. Lowesheni ukuta, mpake nyembamba, mngoje ikauke, mrudie hata mara tatu. Jihadharini na macho, kwani chokaa huunguza; ikiingia, osheni mara moja kwa maji mengi, mwende kwa mganga wa hospitali.

Ukuta mzuri, basi, ni ule upendezao macho, na mtoto alalaye kando yake asipate dhara.