Majuu nako kuna kasheshe: Risasi za wawindaji uani kwako

Mwambie kijana wa Kariakoo kwamba kuna watu Ulaya wanaogopa kuanika nguo uani siku ya Jumapili kwa sababu ya risasi. Atakucheka. Atakwambia acha kunifunga kamba. Kwake yeye majuu ni taa, treni za chini kwa chini na baridi ya kufa mtu. Risasi ni mambo ya sinema.

Basi msomaji wangu, kaa vizuri. Ufaransa, nchi ile ile ya manukato na mitindo ya mavazi, ina wawindaji wenye leseni karibu milioni moja. Hawa si wale matajiri wanaokuja kwetu na ndege, wakalipia kitalu porini mbali na macho ya watu. Wala si Kenya, ambako uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku mwaka 1977. Hawa ni fundi bomba, muuza mikate, karani wa posta, mzee mstaafu. Msimu ukifunguliwa Septemba, wanavaa mabuti, wanafungulia mbwa na kuingia vichakani mpaka mwisho wa Februari. Na vichaka vyenyewe viko nyuma ya nyumba za watu.

Wanachotafuta zaidi ni nguruwe pori. Wanyama hao wamezaana kupita kiasi, na wanaouawa ni zaidi ya 700,000 kwa mwaka. Wakiingia kwenye shamba la mahindi usiku mmoja, asubuhi mkulima analia. Fidia yake hulipwa na vyama vya wawindaji wenyewe. Ndiyo maana ukienda kulalamika kijijini kuhusu milio ya bunduki, usishangae kuambiwa kwamba bila jamaa hao mahindi yote yangekwisha. Na kweli, hoja hiyo ina uzito. Tatizo ni pale risasi inapokosa nguruwe ikapata mtu.

ALIKUWA ANAKATA KUNI

Tarehe 2 Desemba 2020, katika kijiji cha Calvignac, mkoa wa Lot, kusini magharibi mwa Ufaransa, kijana wa miaka 25 alikuwa anakata kuni jirani na nyumba yake. Jua lilikuwa linazama. Mwindaji aliyekuwa kwenye msako wa nguruwe akaona kitu kinasogea, akafyatua. Risasi moja tu, kijana akafa.

Kesi ilifika mahakamani mjini Cahors, na hukumu ikatoka Januari 2023. Aliyefyatua alipewa kifungo cha nje cha miaka 2, na akapigwa marufuku kuwinda maisha yake yote. Hakulala jela hata siku moja kwa hukumu hiyo. Wapo waliosema ni haki kwa sababu hakukusudia, na wapo waliotoka pale wakiuma meno.

Lakini marafiki wa marehemu hawakukaa matangani wakilia tu. Walianza kukusanya ushuhuda wa watu kutoka kila pembe ya nchi. Mmoja risasi imetoboa dirisha lake, mwingine marisau yamemnyeshea bustanini kama mvua. Ombi lao kwa Baraza la Seneti lilipata saini zaidi ya 100,000, na maseneta wakalazimika kuunda kamati. Kamati ilitoa ripoti yake Septemba 2022. Mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku kuwinda ukiwa umelewa. Umesoma sawasawa: mpaka mwaka 2023, mtu kulewa na bunduki ya kuwindia mkononi halikuwa kosa linalojitegemea kama lilivyo la kuendesha gari ukiwa chakari.

Usidhani pia kwamba yule kijana yuko peke yake. Katika msimu wa 2021 hadi 2022, Ufaransa ilihesabu ajali 90 za uwindaji na vifo 8. Msimu uliofuata zilikuwa ajali 78 na vifo 6. Wengi wa wanaoumia ni wawindaji wenyewe kwa wenyewe, lakini wamo pia wapita njia. Mwaka 2021 dereva mmoja alipigwa risasi akiwa ndani ya gari lake, kwenye barabara kubwa iendayo kati ya Rennes na Nantes, akafariki. Yeye hata kichakani hakuwa na habari nako.

GLAVU NYEUPE

Tuvuke bahari kidogo twende Marekani, kwa kuwa huko ndiko lilikotokea sakata lililowagawa watu vibaya kuliko yote. Tarehe 15 Novemba 1988, katika mji mdogo wa Hermon, jimbo la Maine, mama wa miaka 37 mwenye watoto mapacha wachanga alitoka nyuma ya nyumba yake. Alikuwa amevaa glavu nyeupe. Mwindaji akaona weupe ule, akadhani ni mkia wa kulungu. Mama wa watu akaanguka uani kwake mwenyewe.

Sasa sikia maajabu. Badala ya kumlaumu mwenye bunduki, baadhi ya majirani walimlaumu marehemu! Ati kwa nini alitoka nje msimu wa kulungu bila kuvaa nguo ya rangi ya machungwa? Ati familia yenyewe ni wageni, hawajui desturi za hapa. Mwaka 1990 wananchi waliokaa mahakamani kuamua kesi walimwachia huru yule mwindaji.

Hata hivyo damu ile haikwenda bure. Jimbo la Maine lilitunga sheria inayomtaka mwindaji awe ametambua kwa hakika anachokilenga kabla ya kugusa kifyatulio. Kuona weupe hakutoshi, kusikia kichaka kinachakarika hakutoshi. Mzigo ukatoka kwa mama mwenye glavu ukawekwa begani kwa mwenye bunduki, mahali pake hasa.

HIZO MITA NI ZA NINI?

Ukiuliza mtu yeyote kijijini Ufaransa, atakujibu haraka: "Mwindaji haruhusiwi kuja chini ya mita 150 kutoka nyumba ya mtu." Kumbe si hivyo! Hakuna sheria ya nchi nzima inayosema hivyo. Hizo mita 150 zinahusu ardhi ambayo chama cha uwindaji cha kijiji hakiwezi kuihesabu kuwa yake. Yaani mwenye ardhi ndiye mwenye haki ya kuwinda hapo au kumruhusu mtu. Kinachokatazwa ni kuelekeza risasi kwenye nyumba, na kila mkoa unaongeza masharti yake.

Marekani kila jimbo lina kipimo chake. Maine ni futi 300, yaani kama mita 90 hivi. New York ni futi 500, kama mita 150. Ndani ya kipimo hicho huruhusiwi kufyatua bila ruhusa ya mwenye nyumba.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Marisau madogo ya kupigia ndege husafiri mita 200 na ushee kabla ya kuanguka. Risasi ya bunduki ya kuulia nguruwe inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Mita 150 kwake ni kama kutoka sebuleni kwenda jikoni. Kwa hiyo mtu anayesimama mita 160 kutoka kwako mtutu ukiangalia dirisha lako ni hatari kuliko aliyesimama mita 60 akipiga upande wa pili, risasi ikaingia ardhini.

Wawindaji waliofundishwa vizuri wanalijua hilo. Wanafundishwa kupiga kwa kuelekeza chini, ili risasi ikikosa imezwe na udongo. Wanafundishwa pia kanuni ya digrii 30. Kabla ya msako, mtu anahesabu hatua 5 kuelekea kwa mwenzake au kwenye nyumba, halafu hatua 3 pembeni, anaweka alama. Ndani ya pembe hiyo hafyatui hata nguruwe akipita anacheza ngoma. Ni hatua 8 tu, hazichukui dakika.

UFANYEJE SASA?

Tuseme una dada au binamu aliyepanga nyumba ya bei chee kijijini huko, na kila Jumapili watoto wanajificha chini ya meza. Mpe haya:

Kwanza, asingoje balaa. Kabla ya Septemba aende kwa mwenyekiti wa chama cha wawindaji, kwa salamu na heshima, amwambie: nyumba yangu ile pale, watoto wangu wanacheza upande huu, namba yangu ya simu hii hapa. Aulize siku za msako na mahali wanaposimama. Mtu akishamjua mtoto wako kwa jina, ni vigumu kusahau kwamba yuko nyuma ya ule ua.

Pili, mlio ukiwa karibu mno, aingize watu ndani kisha aandike. Saa ngapi, upande gani, watu wangapi, namba za magari. Risasi ikigonga ukuta, aipige picha bila kuigusa. Kisha apige simu 17 kwa polisi au 112. Akitaka kufungua mashtaka, polisi hawaruhusiwi kumkatalia. Na barua kwa meya wa kijiji iende siku hiyo hiyo, kwa sababu malalamiko ya mdomo huyeyuka.

Tatu, asijitie ushujaa wa kwenda kusimama katikati ya msako akitukana. Mbali na kujiweka mbele ya mitutu, kuzuia uwindaji halali ni kosa Ufaransa, faini yake inafika euro 1,500. Ataenda kulalamika arudi yeye ndiye mshitakiwa.

Nne, kama ardhi ni yake mwenyewe na hataki uwindaji kabisa, sheria iko upande wake. Mwaka 1999 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, iliamua kwamba si haki kumlazimisha anayepinga uwindaji kuiachia ardhi yake kwa wawindaji. Mwaka 2000 Ufaransa ikabadilisha sheria. Mwenye shamba anaweza kuandika na kuitoa ardhi yake, ila lazima aweke vibao vya kukataza.

Na lile la rangi ya machungwa? Avae akipita kichakani, si vibaya, hata wawindaji wa nguruwe wamelazimishwa kuvaa fulana hizo katika misako ya pamoja. Lakini asikubali mtu amwambie avae akiwa anaanika nguo uani kwake. Uani ni kwake. Anayetakiwa kutazama mara mbili ni mwenye kidole kwenye kifyatulio.

Kwa hiyo mkatie ndugu yako ukurasa huu umtumie kabla msimu haujafunguliwa. Na wewe unayejiandaa kwenda majuu, ukishauliza bei ya chumba na umbali wa kituo cha treni, uliza pia Jumapili nyuma ya nyumba kunakuwaje.