Mumias: mji uliopitiwa na misafara, ukalelewa na sukari

Hapa Al-Rawdah, iwe ya Jeddah au ya Riyadh, Muislamu wa Kenya huulizwa kwanza: "Wewe wa Mombasa au wa Lamu?" Akijibu "Mumias", wengi hubaki kumtazama tu. Mumias ni mji mdogo magharibi mwa Kenya, karibu na Mto Nzoia unaoteremka kuelekea Ziwa Victoria. Bahari iko mbali, mamia ya kilomita. Lakini adhana ipo, kanzu na mabuibui yapo, na familia zenye asili ya pwani zipo tangu enzi za mababu. Watoto wetu waliozaliwa huku Uarabuni ni vizuri wajue imekuwaje.

Kwa Sundu

Karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walipaita mahali hapo Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, mfalme wa Wawanga. Baada yake alitawala mwanawe, Mumia, na mji ukachukua jina lake. Misafara ya kwenda Uganda ilipumzika hapo na kupata chakula. Walifuata pembe za ndovu na, tuseme kweli mbele ya wajukuu, watu pia waliuzwa. Nabongo alipata nguo na bunduki, wageni wakapata usalama. Wengine walioa wakabaki, na Wawanga wengi wakasilimu.

Wazungu walifuata njia ile ile. Joseph Thomson alifika 1883. Askofu Hannington alipita 1885 akielekea Busoga, ambako aliuawa. Miaka ya 1890 Waingereza wakaweka kituo chao cha serikali.

Kisha ikaja reli. Mwaka 1901 ilifika Kisumu, na Mumias haikuwa njiani. Msafara wa miguu ukakosa kazi. Baadaye makao ya serikali nayo yakahamia Kakamega. Nabongo Mumia alipofariki 1949, mji wake ulikuwa umeshapoa.

Nusu karne ya sukari

Kilichouamsha tena ni miwa. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa 1971, ikisimamiwa na Booker McConnell ya Uingereza, na mwaka 1973 kiwanda kikaanza kusaga. Mto Nzoia ukapata kazi, maana kiwanda cha sukari bila maji hakiendi. Mimi wakati huo ni kijana wa kuingia sekondari ya misheni. Asubuhi tunasomeshwa na mapadri, jioni tuko madrasa, na hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo mji ulivyo: msikiti na kanisa, Mwarabu, Mswahili na Mwanga, wote sokoni kwa lugha moja.

Harufu ya molasi ilikuwa hewani usiku na mchana. Matrekta yalipita na matrela ya miwa, na sisi watoto nyuma tunachomoa! Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya sukari ya Kenya ilitoka hapo. Mji ukawa na timu ya mpira ya ligi kuu. Mwaka 2001 kampuni ikaingia kwenye Soko la Hisa la Nairobi, na baadaye ikauza hata umeme uliotokana na makapi ya miwa.

Lakini miwa huchukua mwezi wa 18 au zaidi kukomaa, na shamba lililojaa miwa halina mahindi. Familia nyingi ziligeuza shamba lote, wakawa wananunua unga dukani. Karo, harusi, matibabu, vyote vilisubiri malipo ya miwa. Kiwanda kilipozidiwa na madeni, sukari ya bei nafuu kutoka nje na upungufu wa miwa, wakulima walibaki wanadai. Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu. Desemba 2021 kiwanda kikakodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda, na 2022 mitambo ikaanza tena kunguruma, huku kesi zikiendelea mahakamani.

Msafara wa kurudi

Sasa kuna msafara mwingine, na huu unakwenda kinyume na ule wa kwanza. Wasichana na vijana wa Mumias wanakuja Saudia na Ghuba kwa kazi za nyumbani, udereva na ulinzi. Riyali inayotumwa kila mwezi inalipa karo ambayo zamani ililipwa na miwa.

Alhamdulillahi, ni riziki. Ila mimi mwalimu naona somo lile lile limerudi ubaoni. Mkataba wa kazi ya nyumbani kwa kawaida ni miaka 2, hauzidi sana umri wa miwa, na tajiri anaweza asiuendeleze. Mji uliotegemea msafara ulipoa reli ilipopita kwingine. Mji uliotegemea sukari ulilala njaa kiwanda kilipozimwa. Ukitegemea Western Union peke yake, itakuwaje?

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotuma, na nyinyi mnaoajiri watoto wa watu, sikilizeni la mzee. Mshahara utolewe kwa wakati, kwani kule kuna mtoto anayesubiri kurudi darasani. Na anayetuma asizike pesa zote kwenye ukuta na mabati. Atenge za ng'ombe wa maziwa, za nusu ekari ya mahindi, za mdogo wake kujifunza ufundi. Nzoia bado inapita na ardhi yake bado ina rutuba. Asipande zao moja tu.