Tope la Mto na Afya ya Nyumba Yako

Watu wengi husema kwamba maji yanayokimbia hayana uchafu. Mtu akitupa kitu kibaya mtoni asubuhi, jioni hakioni tena. Hufikiri kwamba mto umekipeleka mbali, na habari yake imekwisha.

Sivyo. Mto hauondoi uchafu duniani. Unaubeba kidogo, unauweka mahali, na siku nyingine unauchukua tena. Mahali unapouweka ni katika tope. Kila mtu anayekunywa maji ya mto au kula samaki wake imempasa kufahamu jambo hili, na zaidi sana wale wanaokaa katika nchi ya dhahabu: Ituri, Uele, Kivu na Maniema.

JINSI MTO UNAVYOBEBA TOPE

Fanya jaribio hili nyumbani, watoto wakitazama. Twaa chupa ya kioo, ujaze maji ya mto, utie konzi moja ya tope la ukingoni. Funga chupa, tikisa sana, uiweke mezani wala usiiguse.

Utaona mambo matatu. Kwanza, vijiwe na mchanga vinaanguka chini mara moja. Pili, udongo laini unashuka polepole. Tatu, hata kesho yake maji ya juu yaweza kuwa na rangi bado, kwa sababu kuna udongo mwembamba kama unga ambao unaelea tu. Yale yaliyotulia chini huitwa mashapo, kama vile mashapo ya kahawa katika kikombe. Sasa tikisa chupa tena. Yote yaliyolala yanaamka!

Mto hufanya vivyo hivyo. Penye mteremko maji yana nguvu, nayo huvingirisha mawe na mchanga. Penye utulivu, yaani ndani ya kona, katika kinamasi, katika ziwa, au nyuma ya ukuta unaozuia maji, mto hulaza mashapo yake. Mvua kubwa zikija, mto hutikiswa kama chupa yako. Tope la miaka iliyopita huinuka na kushuka mpaka vijiji vya chini.

Tena, sumu za madini hupenda kushika udongo ule mwembamba. Konzi moja ya udongo laini ina chembe nyingi zisizohesabika, na sumu hushika juu ya kila chembe, kama masizi yanavyoshika sufuria. Mchanga mkubwa hubeba sumu kidogo. Tope laini hubeba nyingi.

Vijidudu vya kuhara navyo hujificha humo. Katika tope huishi siku nyingi kuliko katika maji yanayopita juu. Kwa hiyo mtoto akikoroga tope mahali pa kuteka maji, mama anaweza kujaza bido lake uchafu wa juma lililopita.

ZEBAKI YA DHAHABU

Tangu dhahabu ilipoonekana karibu na Kilo, katika Ituri, mwaka 1903, watu wengi wamepata chakula kwa kazi hiyo. Tunajua kwamba katika makanisa yetu wako akina baba wanaolipa franga za shule ya watoto kwa dhahabu. Hatuandiki ili kuwadharau. Tunaandika kwa ajili ya kitu kinachotumika katika machimbo mengi, nacho ni zebaki. Kwa Kifaransa jina lake ni mercure.

Zebaki ni madini yanayotiririka kama maji na kung'aa kama fedha. Ni nzito sana: lita moja ina uzito wa kilo 13 na nusu. Mchimbaji huitia katika mchanga ulioshwa, nayo hukamata chembe ndogo za dhahabu mpaka ziwe donge jeupe. Hukamua donge hilo katika kitambaa, kisha hulichoma. Moto unaifukuza zebaki kama mvuke usioonekana, dhahabu inabaki.

Je, zebaki imekwenda wapi? Sehemu moja imeingia katika pafu la mtu aliyechoma, na la mke wake na watoto kama alichoma nyumbani. Sehemu nyingine imepanda hewani, nayo itarudi na mvua. Sehemu nyingine imemwagika mtoni pamoja na mchanga, ikalala katika tope.

TOPE LINAIGEUZA ZEBAKI

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Katika tope la chini, mahali pasipo na hewa, wanakaa vijidudu wasioonekana kwa macho. Hao huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi inayoitwa zebaki ya metili. Sumu hiyo huingia katika wadudu wadogo wa majini. Samaki mdogo anakula wadudu wengi, na sumu ya wote inabaki mwilini mwake. Samaki mkubwa anakula samaki wadogo wengi, naye huweka akiba ya sumu yao yote. Hivyo katika nyama ya samaki mkubwa sumu yaweza kupita ile ya majini mara milioni moja.

Kwa hiyo usiseme, “Maji ni meupe, basi mto wetu ni mzuri.” Maji yaweza kuwa meupe kabisa, na samaki wake wawe na sumu, kwa sababu sumu haikutoka katika maji unayoyaona. Imetoka chini, katika tope.

Sumu hii haina harufu wala ladha. Kuchemsha samaki, kumkaanga au kumkausha kwa moshi hakuiondoi, kwa maana imo ndani ya nyama yenyewe.

MAMBO YALIYOPATA NCHI NYINGINE

Labda utauliza, “Ni nani ameyaona mambo haya?” Wameyaona watu wa nchi za mbali, na machozi yao yatufundishe.

Huko Minamata, katika nchi ya Japani, kiwanda kimoja kilimwaga sumu ya zebaki katika ghuba ya bahari. Watu walikula samaki wa ghuba hiyo kila siku. Paka wa kijiji walianza kutetemeka na kuruka kama wenye kichaa. Mwaka 1956 wanganga walitambua kwamba watu nao wana ugonjwa mpya. Wengine walishindwa kutembea, kusema na kuona vizuri, na wengi walikufa. Jambo la huzuni kuliko yote ni hili: akina mama walioonekana kuwa wazima, au wenye ugonjwa kidogo tu, walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika. Sumu ilikuwa imepita kwa mama na kumpiga mtoto tumboni. Kiwanda hakikuacha kumwaga sumu mpaka mwaka 1968. Hata hivyo tope lilibaki na sumu yake, na kazi ya kulifyonza na kulifukia ilidumu tangu mwaka 1977 mpaka 1990.

Katika California, huko Marekani, wachimba dhahabu walibomoa vilima kwa nguvu ya maji tangu mwaka 1853, wakitumia zebaki nyingi. Tope likajaza mto Yuba na kufunika mashamba ya watu. Mwaka 1884 jaji mmoja alikataza kumwaga tope lile mitoni. Miaka zaidi ya 130 imepita. Lakini hata leo mafuriko makubwa huamsha tope la wachimbaji wale na kulishusha bondeni, na serikali bado inawaonya wanawake na watoto juu ya samaki wa mito ile. Wachimbaji walikufa zamani, dhahabu yao imetumika, lakini zebaki yao ingali inasafiri.

Mto wetu Ituri nao unasafiri. Huko chini unaitwa Aruwimi, nao unaingia mto Kongo pale Basoko. Kinachotupwa karibu na Bunia hakimalizi safari yake karibu na Bunia.

DALILI ZA SUMU HII

Mvuke wa zebaki huleta kutetemeka kwa mikono, kukosa usingizi, hasira bila sababu, kusahau, na vidonda vya ufizi. Sumu inayotoka katika samaki huleta ganzi ya vidole na midomo, kutembea kama mlevi, maneno mazito kinywani, na macho yasiyoona pembeni. Mtoto aliyepigwa tumboni huchelewa kukaa, kutembea na kusema.

Magonjwa mengine pia yana dalili kama hizi. Kwa hiyo usijipime mwenyewe. Njoo hospitalini, umweleze munganga kama unakaa karibu na machimbo na unakula samaki gani. Wala usifikiri kwamba ni uchawi au kwamba jirani amekuroga. Lakini ujue kwamba hakuna dawa inayoweza kuurudisha ubongo ulioharibika. Dawa yetu kubwa ni kuzuia.

MAMBO YA KUFANYA

1. Teka maji ya kunywa katika chemchemi iliyojengwa vizuri au kisima kilichofunikwa. Kama huna ila mto, teka juu ya machimbo na juu ya mahali pa kufulia, wala usikoroge tope.

2. Acha maji ya mto yatulie usiku kucha katika chombo chenye kifuniko. Asubuhi mimina yale ya juu taratibu, uyachuje kwa kitambaa safi, ndipo uyachemshe. Kutuliza na kuchuja hupunguza tope na sumu iliyoshikamana nalo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki. Usiache hata moja.

3. Chimba choo mbali na mto, mita 30 au zaidi.

4. Usiache kula samaki, maana samaki ni chakula chema cha kujenga mwili, na bugali na sombe peke yake hazimtoshi mtoto. Lakini chagua. Samaki wadogo, na wale wanaokula majani kama ngege, wana sumu kidogo. Samaki wakubwa wenye meno wanaokula wenzao, kama mbenga na kapitene mkubwa, wana sumu nyingi zaidi. Katika mito ya dhahabu, mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha na watoto wadogo wasile hao.

5. Mama, usingoje mpaka tumbo lionekane. Mwili hutoa nusu ya sumu hii kwa muda wa miezi miwili hivi, kwa hiyo anza kuchagua samaki kabla ya kushika mimba. Wala usiache kumnyonyesha mtoto wako. Maziwa ya mama yangali chakula bora kuliko vyote.

6. Baba mchimbaji, usichome donge nyumbani kamwe, wala katika sufuria ya chakula. Kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba ambacho hukamata mvuke na kurudisha zebaki yako. Hukulinda, tena hukupunguzia gharama. Lakini utumie chombo hicho nje, mbali na nyumba. Mama mwenye mimba na watoto wasikaribie.

7. Usiweke zebaki katika chupa ya kinywaji. Usioshe donge mtoni. Mchanga uliotiwa zebaki usirudi mtoni. Uweke katika shimo lililo mbali na ukingo, mahali ambapo mafuriko hayafiki.

8. Njia iliyo bora ni kuacha zebaki kabisa. Wako wachimbaji, kama wale wa nchi ya Filipino, wanaoosha mchanga kwa uangalifu mpaka ubaki mzito tu, kisha huyeyusha dhahabu kwa unga wa boraksi. Chama cha wachimbaji kijifunze kazi hii pamoja.

9. Linda ukingo. Usikate miti na matete ya ukingoni, wala usilime mpaka majini. Mizizi hushika udongo. Ukingo ukibomoka, tope la zamani linaamka, na mayai ya samaki yanafunikwa na kufa.

JIRANI YAKO WA CHINI

Wazee wa kanisa na akina mama wa ushirika, zungumzeni juu ya habari hizi mkutanoni. Someni Ezekieli sura ya 34. Humo nabii anawakemea kondoo wenye nguvu ambao, wakiisha kunywa maji mazuri, huyakoroga kwa miguu yao yale yanayobaki, na kondoo wengine hulazimika kunywa uchafu huo. Je, hatufanyi hivyo tukimwaga mchanga wa zebaki mtoni?

Tumefundishwa kumpenda jirani. Jirani yako si yule wa nyumba ya pili tu. Ni mama anayeteka maji kwa mwendo wa siku mbili chini yako, ambaye hutamwona kamwe. Naye aliye juu yako, wewe ndiwe jirani yake. Mtoto atakayezaliwa katika kijiji kile miaka 50 ijayo, atakula samaki wa tope ambalo wewe na mimi tunaliacha leo.

Basi, leo jioni tikisa chupa yako mbele ya watoto, uwaeleze. Kesho mwambie mwenzako wa machimboni. Na kama katika nyumba yako yuko mama mwenye mimba, mlete hospitalini siku ya kupima akina mama. Tutazungumza naye juu ya samaki, maji na moto wa dhahabu, mtoto angali salama.