BAADA YA UPASUAJI WA TUMBO, TUMSAIDIE MGONJWA KUPUMUA



Kuwatembelea wagonjwa ni mojawapo ya matendo ya huruma ambayo Kanisa linatufundisha, na katika familia zetu tendo hili hatulisahau. Mtu akipasuliwa tumbo, kwa mfano kwa sababu ya utumbo uliojisokota au kidole tumbo, au mama akijifungua kwa upasuaji, ndugu na majirani hujaa wodini. Na karibu kila anayefika kitandani hutamka maneno yale yale: "Usijisumbue, lala tu, upumzike."

Maneno hayo yanatoka katika upendo. Lakini mwezi huu tunapenda kueleza kwa nini mgonjwa huyo akilala tu anaweza kupatwa na hatari nyingine, ambayo haiko tumboni bali kifuani.

KINACHOTOKEA KIFUANI

Tunapovuta pumzi, kazi kubwa hufanywa na kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kiwambo kikishuka, mapafu hupanuka na kujaa hewa mpaka chini. Mtu aliyepasuliwa tumbo huumia kila anapovuta pumzi kwa nguvu, kwa hiyo bila kujua huanza kupumua juu juu. Akilala chali, matumbo nayo hukisukuma kiwambo kuelekea juu na mapafu hukosa nafasi. Tena dawa za usingizi, na baadhi ya dawa kali za maumivu, hupunguza nguvu ya kupumua na kukohoa.

Matokeo yake ni kwamba vifuko vidogo vya hewa vilivyo chini ya mapafu husinyaa na kujifunga. Makohozi hutuama humo, na vijidudu hupata mahali pa kuzaliana. Huo ndio mwanzo wa homa ya mapafu, au kichomi kama wengi tunavyoiita. Hatari ni kubwa zaidi ikiwa mshono uko juu ya kitovu, karibu na mbavu. Vile vile ni kubwa kwa wavutaji sigara, wazee na wenye magonjwa ya kifua.

TUJIFUNZE KABLA YA UPASUAJI

Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali tatu za Australia na New Zealand, kwa wagonjwa 441 waliokuwa wakisubiri kupasuliwa sehemu ya juu ya tumbo. Wote walipewa kijitabu cha maelezo. Lakini nusu yao, zaidi ya kijitabu, walikaa na mtaalamu wa tiba ya viungo kwa dakika 30, akawaeleza hatari hiyo na kuwafundisha namna ya kupumua mara tu watakapozinduka. Kati ya waliopewa kijitabu tu, wagonjwa 27 katika kila 100 walipata matatizo ya mapafu. Kati ya waliofundishwa, walikuwa 12 tu. Mafunzo ya nusu saa yalipunguza matatizo kwa zaidi ya nusu!

Basi, kama upasuaji umepangwa siku ya mbele, tumwombe daktari au muuguzi atufundishe mapema, mgonjwa pamoja na ndugu atakayemwuguza. Na anayevuta sigara aache mara moja, ikiwezekana wiki nne au zaidi kabla ya siku hiyo.

NAMNA YA KUFANYA

Mgonjwa akishazinduka vizuri, na muuguzi akiruhusu, tumsaidie hivi:

1. Aketi. Ainuliwe mgongo kwa mito au aketi kando ya kitanda. Akiwa ameketi, kiwambo hupata nafasi ya kushuka.

2. Avute pumzi ndefu. Avute hewa polepole kwa pua mpaka kifua kijae, aishike akihesabu hadi tatu, kisha aitoe taratibu kwa mdomo. Afanye hivyo mara 10 kila saa akiwa macho. Akiona kizunguzungu apumzike kidogo. Hakuna kifaa cha kununua. Ndugu aliye kando ya kitanda anatosha kumkumbusha.

3. Akohoe. Wengi huogopa kwamba nyuzi zitakatika. Akumbatie mto au khanga iliyokunjwa, aukandamize juu ya mshono kwa mikono miwili, kisha akohoe kwa nguvu mara mbili au tatu. Mshono ukishikiliwa hivyo, maumivu hupungua na makohozi hutoka.

4. Atembee. Wagonjwa wengi wanaweza kusimama na kupiga hatua chache siku ya kwanza baada ya upasuaji, wakishikwa mkono. Kutembea hufungua mapafu, na pia husaidia damu isigande miguuni.

Haya yote hayawezekani mgonjwa akiwa katika maumivu makali. Hapa kuvumilia kimya si ushujaa. Amweleze muuguzi, apewe dawa, na mazoezi yafanywe dawa ikishaanza kufanya kazi. Tusisahau pia kumsaidia kupiga mswaki asubuhi na jioni, kwa maana vijidudu vya kinywani huweza kushuka mapafuni.

DALILI ZA HATARI

Tumwite muuguzi upesi tukiona mgonjwa anapumua haraka haraka, ana homa, anatoa makohozi ya kijani au yenye damu, kifua kinamchoma, midomo inageuka rangi, au anaanza kuchanganyikiwa. Vile vile mguu mmoja ukivimba na kuuma, au mshono ukifunguka na kutoa majimaji. Kama amesharudi nyumbani, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.

AKIRUDI NYUMBANI

Aendelee kutembea, akiongeza mwendo kidogo kidogo kila siku. Asibebe ndoo ya maji, wala kuni, wala kushika jembe mpaka daktari aseme; mara nyingi ni wiki sita au zaidi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji asirudishwe mapema kwenye jiko lenye moshi. Wengine katika familia wampikie.

Ndugu wasomaji, tukienda tena wodini, tusiishie kusema "lala upumzike". Tukishamsabahi mgonjwa na kusali naye, tumwinue, tumpe mto wake, tuvute pumzi pamoja naye mara 10. Hilo nalo ni tendo la huruma, na linaweza kuokoa maisha.