Jinsi mapishi ya Kusini yalivyopata makao Chicago

MGENI anayezuru mji wa Chicago, kaskazini mwa Marekani, huenda akashangaa kugundua kwamba baadhi ya vyakula vinavyoenziwa mno huko vina asili yake mbali na mji huo. Katika mitaa ya upande wa kusini wa Chicago, mikahawa huuza kambare wa kukaangwa, mkate wa unga wa mahindi, mbavu za nguruwe zilizokaushwa kwa moshi na mboga za majani zilizotokoswa kwa muda mrefu pamoja na nyama.

Haya ni mapishi ya Mississippi, Alabama na majimbo mengine ya Kusini. Yalifikaje huko?

Kati ya miaka ya 1910 na 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni sita walihama kutoka Kusini. Walikimbia sheria za ubaguzi, mauaji yaliyotekelezwa na magenge ya wazungu na kilimo cha pamba kilichomwacha mkulima na madeni kila msimu. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia navyo vilipunguza wahamiaji kutoka Ulaya, hivyo machinjio na viwanda vya chuma vya Chicago vikahitaji wafanyakazi.

Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka wa 1905, liliwahimiza watu waje. Reli ya Illinois Central iliwafikisha maelfu yao.

Hata hivyo, walipofika hawakuruhusiwa kuishi popote walipotaka. Mikataba ya nyumba iliwazuia wenyeji kuwauzia au kuwakodishia weusi, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka wa 1948 kwamba mikataba hiyo haingetekelezwa mahakamani. Walisongamana katika mitaa michache, hasa Bronzeville.

Msongamano huo uliwaumiza, lakini pia uliwaweka pamoja watu wa asili moja. Mpishi aliyejua ladha ya Mississippi hakukosa wateja, na kanisa halikukosa waimbaji. Muddy Waters aliwasili kutoka Mississippi mwaka wa 1943, akaifanya ngoma ya mashambani kuwa muziki wa gitaa la umeme. Mahalia Jackson, aliyetoka New Orleans, aliimba nyimbo za injili zilizovuma kote duniani.

Kwa msomaji wa Kenya, sehemu ya meza hiyo si ngeni. Bamia na kunde zina asili ya Afrika na zilivuka bahari enzi za biashara ya watumwa. Kunde hadi leo huliwa siku ya Mwaka Mpya kwa imani kwamba huleta baraka. Aidha, mboga zinazotokoswa huko ni za jamii moja na sukuma wiki. Tofauti ni kwamba huko supu ya majani haimwagwi, bali huchovywa mkate.

Lakini utamaduni huu sasa unakabiliwa na hatari. Viwanda vya chuma vilifungwa, majumba ya umma yakabomolewa, na mwaka wa 2013 shule zipatazo 50 zikafungwa, nyingi zikiwa katika mitaa ya weusi. Idadi ya Wamarekani weusi mjini humo, iliyokuwa karibu milioni 1.2 mwaka wa 1980, ilikuwa imeshuka chini ya 800,000 kufikia sensa ya 2020. Baadhi yao wamerejea kule kule Kusini walikotoka babu zao.

Wateja wanapohama, mikahawa nayo hudhoofika. Army & Lou's, uliofunguliwa mwaka wa 1945 na kuwa kituo cha wanasiasa weusi, ulifungwa mwaka wa 2011.

Anayetaka kuonja ladha hiyo leo hatakiwi kuitafuta katikati ya mji penye majumba marefu. Inampasa kufika mitaa ya kusini na magharibi, ambako wajukuu wa wahamiaji wangali wanapika walivyofunzwa na nyanya zao. Mapishi hayo yatadumu mradi tu familia hizo ziweze kumudu kuishi hapo.