Plastiki Iliyojificha Udongoni

Majira ya machipuko yaliyopita tulikuwa tukichimbua kijishamba tunachokikodi kwa halmashauri ya mji, hapa Uingereza, ili tupande mchicha na giligilani. Jembe likafukua vifuko vya chai tulivyovitupa katika lundo la mboji mwaka uliotangulia. Majani ya chai yalikwisha kuwa udongo. Vifuko vilikuwa vingalipo, vyepesi kama tandabui, na mishono yake mizima.

Vifuko vingi vya chai vya nchi hii vimezoeleka kuzibwa kwa plastiki. Baadhi ya watengenezaji wamehamia plastiki itokanayo na mimea, iitwayo PLA, nasi tuliposoma hivyo tulifurahi. Kumbe huhitaji joto kali la mitambo ya mboji. Katika udongo baridi wa bustani hukaa tu.

Plastiki haiozi kama jani, bali hukatikakatika. Vipande visivyofika milimita 5 huitwa chembe za plastiki, na somo hilo lilivuma tangu mwaka 2004, Richard Thompson wa Plymouth na wenzake walipoandika juu ya chembe za fukweni na baharini. Bahari ikapata watetezi, ardhi ikasahauliwa.

Na ardhi ina fungu kubwa. Tutazame makabati yetu: mabuibui, mitandio, jezi za watoto, nyingi ni za polista. Mwaka 2016 watafiti wa Plymouth walikadiria kwamba kufua mara moja kilo 6 za nguo za akriliki kwaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000. Mitambo ya kusafisha maji taka hunasa sehemu kubwa, lakini zilizonaswa hubaki katika tope, na tope hilo, kwa kuwa lina rutuba, humwagwa mashambani. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Cardiff kilikadiria kuwa kwa njia hiyo mashamba ya Ulaya hupokea tani 31,000 hadi 42,000 za chembe hizo kila mwaka. Mto umeepushwa, shamba limebebeshwa.

Mimea je? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Anglia Ruskin waliotesha nyasi za malisho katika udongo wenye plastiki. Penye PLA au nyuzi za nguo, mbegu chache zaidi ziliota. Nyungunyungu waliowekwa penye plastiki ya aina ya chupa za maziwa walikonda, ilhali wenzao wa udongo safi walinenepa; na nyungunyungu ndiye mlimaji wetu wa kwanza. Mwaka 2020 ikaonyeshwa kuwa chembe ndogo mno hupenya mizizi ya ngano na saladi kwenye nyufa ambako vijizizi vipya huchomoza, kisha hupanda na maji. Hayo ni majaribio, wala si kipimo cha kila sahani.

Nyumbani tumerudia majani makavu na chujio, na mashine ya kufulia haiwashwi mpaka ijae. Mchicha uliota vizuri. Ila kila tupaliliapo, bado tunaokota mishono.